Mwangwi wa milisekunde 17.6: uchambuzi wa kisa kimoja katika kiigaji cha ns-3

Kiigaji cha mitandao cha ns-3, yaani programu ya kuiga mitandao ndani ya kompyuta, ambacho mradi wake ulianza mwaka 2006 na toleo lake la kwanza kutoka mwaka 2008, huja na mifano kadhaa ya kufundishia iliyoandikwa kwa lugha ya C++. Mfano wa pili katika mfululizo huo, uliomo katika faili liitwalo second.cc, ndio kisa kinachochambuliwa hapa. Programu inayoendeshwa ndani yake ni seva ya mwangwi: mteja hutuma pakiti moja ya UDP (itifaki ya kutuma data bila kuhakikisha imefika) yenye baiti 1024, seva huipokea na kuirudisha kama ilivyokuja, kisha kazi imekwisha. Ni vigumu kupata programu ya mtandao iliyo nyepesi kuliko hiyo, na wepesi huo ndio unaowafanya wanaojifunza wapitishe macho kwenye mistari minne inayochapishwa kwenye skrini, waridhike kwamba pakiti imekwenda na kurudi, na waendelee na mfano wa tatu. Hata hivyo, mistari hiyo ina namba ambazo hazieleweki kwa kuutazama mchoro wa mtandao peke yake.

Mtandao wenyewe una nodi tano. Nodi ya kwanza, anakokaa mteja, imeunganishwa na nodi ya pili kwa kiungo cha moja kwa moja chenye kasi ya megabiti 5 kwa sekunde na ucheleweshaji wa milisekunde 2. Nodi ya pili ni ruta, kwa kuwa ina kiolesura kingine kwenye mtandao wa pamoja wa aina ya CSMA, ambamo kila nodi husikiliza kama chaneli iko wazi kabla ya kutuma, wenye kasi ya megabiti 100 kwa sekunde na ucheleweshaji wa nanosekunde 6560, na kwenye mtandao huo zimo nodi nyingine tatu, ambayo ya mwisho kati yake ndiyo seva. Anwani ya mteja ni 10.1.1.1, ya ruta upande wa mtandao wa pamoja ni 10.1.2.1, na ya seva ni 10.1.2.4. Seva huanza kazi sekunde ya 1 ya muda wa uigaji, mteja huanza sekunde ya 2, na mpangilio huo si wa bahati, kwa sababu mteja wa mwangwi katika ns-3 hana utaratibu wa kutuma upya: akitangulia kabla seva haijafungua poti yake (namba inayoitambulisha programu ndani ya mashine), pakiti hiyo imepotea na hakuna atakayeirudia.

Poti inayotumika ni ya 9, jambo linalostahili neno moja la pembeni. Itifaki ya mwangwi iliyoandikwa na Jon Postel mwezi Mei 1983, katika waraka wa RFC 862 (mojawapo ya nyaraka za kiufundi za Intaneti), ilipewa poti ya 7. Poti ya 9 ni ya itifaki nyingine ya mwezi huohuo, RFC 863, ambayo kazi yake ni kutupa kila inachopokea bila kujibu. Ndani ya uigaji hakuna mgongano wowote, kwani hakuna programu nyingine inayoidai poti hiyo, lakini anayetaka kuuhamishia mfano huu kwenye mashine halisi ajue kwamba namba hiyo haina uhusiano na mwangwi.

Matokeo yanayoonyeshwa na mwongozo wa ns-3 ni haya: mteja anatuma sekunde ya 2 kamili, seva inapokea sekunde ya 2.0078, seva inajibu muda huohuo wa 2.0078, na mteja anapokea jibu sekunde ya 2.01761. Safari ya kwenda imechukua milisekunde 7.8 na ya kurudi milisekunde 9.8, jumla 17.6. Pakiti ni ileile, njia ni ileile, na hakuna mwenye kushindana nayo barabarani kwa kuwa ndiyo pakiti pekee ya programu katika mtandao mzima. Kwa nini basi kwenda na kurudi visilingane, na kwa nini namba zote mbili ziwe kubwa kiasi hicho?

Njia ya kujibu ni kupiga hesabu kwa kalamu kabla ya kuuliza chochote. Baiti 1024 za programu huongezewa baiti 8 za kichwa cha UDP na baiti 20 za kichwa cha IP. Kwenye kiungo cha moja kwa moja ns-3 huongeza baiti 2 za PPP, itifaki ya viungo vya namna hiyo, na jumla inakuwa baiti 1054, yaani biti 8432. Kwa kasi ya megabiti 5 kwa sekunde, kuzimwaga biti hizo kwenye kiungo huchukua milisekunde 1.6864, na ukiongeza milisekunde 2 za ucheleweshaji unapata 3.6864. Hesabu hii inaweza kuthibitishwa kwa mfano wa kwanza wa mfululizo huo, ambao una nodi mbili tu na kiungo hichohicho: huko seva inapokea sekunde ya 2.00369 na mteja anapata jibu sekunde ya 2.00737, yaani 3.6864 mara mbili bila kuzidi hata chembe. Kiungo hicho, kwa hiyo, hakina deni.

Kwenye mtandao wa pamoja vichwa vya PPP huondolewa na mahali pake huwekwa kichwa na mkia wa Etheneti, jumla baiti 18, hivyo fremu inakuwa na baiti 1070. Kwa megabiti 100 kwa sekunde hizo ni maikrosekunde 85.6, na ukiongeza 6.56 za ucheleweshaji unafikia 92.16, ambazo hazifiki hata sehemu ya kumi ya milisekunde moja. Ruta haijui anwani ya kifaa ya seva, kwa hiyo itabidi iulize kwa ARP, itifaki ya kutafuta anwani ya kifaa cha mwenye anwani fulani ya IP, na ijibiwe kabla ya kuituma pakiti. Ombi na jibu ni fremu ndogo za baiti 64 kila moja, na kila moja huchukua maikrosekunde 11.68 kufika. Jumla ya safari ya kwenda, pamoja na ARP, ni milisekunde 3.80. Uigaji unasema 7.80. Zimezidi milisekunde nne, na kwa upande wa kurudi zimezidi sita.

Ziada hiyo haimo kwenye mistari ya kumbukumbu inayochapishwa na mteja na seva, na haiwezi kuwamo, kwa sababu mistari hiyo inasema tu ni lini programu iliikabidhi pakiti kwenye soketi na ni lini programu ya upande wa pili iliipokea. Yaliyotokea katikati yanaonekana pekee kwenye faili la pcap, linalorekodi fremu zilizopita na muda wake. Mfano huu huwasha unasaji wa fremu kwenye nodi moja ya mtandao wa pamoja ambayo haihusiki na mazungumzo, na humo mlolongo unasomeka vizuri: ombi la ARP kutoka 10.1.2.1 linalomtafuta 10.1.2.4 linaonekana sekunde ya 2.007698, jibu linakuja 2.007710, na pakiti ya UDP inafuata 2.007803. Kisha kuna ukimya wa milisekunde sita. Sekunde ya 2.013815 linatokea ombi la pili la ARP, safari hii kutoka kwa seva ikimtafuta ruta, jibu lake ni 2.013828, na pakiti ya mwangwi inapita 2.013921.

Linganisha muda wa ombi la kwanza na muda ambao pakiti iliifikia ruta. Pakiti ilifika sekunde ya 2.0036864. Ombi lilitumia maikrosekunde 11.68 kufika kwa msikilizaji, kwa hiyo lilitumwa 2.0076864. Ruta ilikaa na pakiti mkononi kwa milisekunde 4 kamili kabla ya kufungua mdomo. Upande wa seva hesabu hiyohiyo inatoa milisekunde 6 kamili, isipokuwa maikrosekunde moja moja hapa na pale ambazo zinatokana na kifaa cha CSMA kukuta chaneli bado imeshikwa na fremu iliyotangulia na kusubiri kidogo kabla ya kujaribu tena.

Namba kamili kama 4 na 6 katikati ya hesabu iliyojaa desimali zinaashiria mkono wa mtunzi wa msimbo, na ndivyo ilivyo. Modeli ya ARP katika ns-3 ina kigezo kiitwacho RequestJitter, ambacho kwa kawaida ni namba ya nasibu yenye mgawanyo sawa kati ya 0 na 10, na msimbo huigeuza namba hiyo kuwa milisekunde nzima kwa kukata desimali. Kabla ya kutuma ombi lolote la ARP, nodi husubiri kwa muda huo. Sababu yake ni nzuri: katika uigaji, nodi mia moja zinaweza kuamka sekunde ileile hadi nanosekunde ya mwisho, jambo lisilotokea kwenye mashine halisi ambazo saa zake hazilingani, na zote zikiuliza kwa pamoja mtandao wa pamoja, hasa ule usiotumia waya, utajaa migongano ya bandia. Kuzitawanya kwa nasibu ni dawa ya ugonjwa uliozaliwa na uigaji wenyewe. Lakini katika kisa chetu hakuna nodi mia moja. Kuna muulizaji mmoja na muulizwaji mmoja, na dawa inanywewa na asiyeumwa.

Kwa hiyo kati ya milisekunde 17.6 za mwangwi, 10 ni za kusubiri kwa nasibu. Viungo, vichwa vya itifaki, fremu za ARP zenyewe na kila kitu kingine vilivyochorwa kwenye mchoro vinachukua 7.6 tu. Anayeripoti kwamba mtandao huu una muda wa kwenda na kurudi wa milisekunde 17.6 anaripoti zaidi bahati nasibu ya kiigaji kuliko mtandao, na ripoti hiyo itaonekana ya kuaminika kwa sababu ya kuhadaa kabisa: ukiiendesha programu tena utapata namba hiyohiyo, na ukiiendesha kesho pia. Mbegu ya namba za nasibu katika ns-3, yaani namba ambayo nyingine zote huzalishwa kutoka kwake, haibadiliki isipokuwa uibadilishe mwenyewe, na hilo ni sifa njema ya kiigaji, kwa kuwa kosa linaweza kurudiwa na kuchunguzwa. Ila mtu akichukulia kujirudia kwa namba kuwa ushahidi wa usahihi wake, ameipa sifa hiyo kazi isiyokuwa yake. Kigezo cha RngRun, kinachochagua mfululizo wa namba za nasibu, kikibadilishwa kwenye mstari wa amri, 4 na 6 zitageuka kuwa namba nyingine zozote kati ya 0 na 9, na jumla ya mwangwi itaweza kuangukia popote kati ya milisekunde 7.6 na 25.6.

Hadi hapo kisa kingeweza kufungwa, lakini faili la pcap lina jambo jingine zito zaidi, nalo ni ombi la pili la ARP. Kwa nini seva iulize anwani ya ruta? Chini ya sehemu ya mia moja ya sekunde kabla ya hapo, ruta ilikuwa imeipelekea seva ombi ambalo ndani yake mliandikwa anwani ya IP ya ruta na anwani yake ya kifaa, zote mbili. Ni kama mgeni aliyebisha hodi akajitambulisha kwa jina na nyumba anakoishi, kisha mwenyeji, alipotaka kumtuma mtoto ampelekee jibu, akatoka nje kuwauliza majirani mgeni yule anaishi wapi.

Waraka ulioasisi ARP, yaani RFC 826 wa David Plummer wa mwaka 1982, ulilifikiria hili waziwazi. Utaratibu wake wa kupokea unaagiza kwamba mpokeaji akijikuta kuwa ndiye anayetafutwa, aiingize anwani ya mtumaji kwenye jedwali lake kabla hata ya kuangalia kama ujumbe ni ombi au ni jibu, kwa hoja kwamba A akiwa na sababu ya kusema na B, huenda B naye atakuwa na sababu ya kusema na A. Mwangwi ndio mfano halisi wa hoja hiyo, kwa kuwa jibu limo katika maana yenyewe ya programu. Modeli ya ns-3 katika kisa hiki hujibu ombi bila kujifunza kutoka kwake, na ushahidi hauko kwenye nadharia bali kwenye fremu ya sekunde ya 2.013815, ambayo isingekuwapo kama seva ingejifunza.

Tofauti kati ya kasoro hizi mbili ni muhimu katika uchambuzi. Kusubiri kwa nasibu ni kigezo kinachoweza kuwekwa sifuri kwa mstari mmoja, yaani kwa kukipa RequestJitter namba isiyobadilika ya 0 kupitia thamani za msingi kabla ya kuunda nodi. Hapo safari zote mbili zitashuka hadi milisekunde 3.80. Lakini ombi la pili la ARP litabaki, kwa kuwa hilo ni tabia ya modeli na si kigezo. Katika mfano huu gharama yake iliyobaki ni maikrosekunde 23 na ushei, ambazo hazimsumbui mtu. Katika mtandao wa pamoja wenye kasi ndogo, au wenye nodi nyingi zinazojibiana kwa mara ya kwanza, idadi ya fremu za ARP itakuwa maradufu ya ile ambayo waraka wa Plummer ungeizalisha, na anayepima mzigo wa udhibiti kwenye mtandao wa namna hiyo anapaswa kulijua hilo kabla ya kuchora grafu.

Suluhisho ambalo wengi hulikimbilia, na ambalo kwa maoni yangu ndilo bora kwa anayetaka kupima njia na si kupima ARP, ni kuongeza idadi ya pakiti za mteja kutoka moja hadi kadhaa na kuitupa ya kwanza. Mteja hutuma moja kila sekunde, na anwani iliyokwisha kujulikana hukaa kwenye jedwali la ARP kwa sekunde 120 kwa thamani ya kawaida, kwa hiyo pakiti ya pili haikuti ARP njiani. Inafika kwa seva baada ya milisekunde 3.78 na mwangwi wake unarudi kwa mteja baada ya takriban 7.56. Namba hiyo haibadiliki hata ukibadilisha mbegu, na hiyo ndiyo alama kwamba sasa unapima viungo.

Usafi huo una mipaka yake pia, na mipaka hiyo iko kwenye mtandao wa pamoja. Nanosekunde 6560 zilichaguliwa na waandishi wa mfano kwa kukadiria nanosekunde moja kwa kila futi ya waya wa mita 2000, ambayo ni karibu kasi ya mwanga katika ombwe. Kwenye waya wa shaba ishara huenda kwa takriban theluthi mbili ya kasi hiyo, na muda halisi ungekaribia maikrosekunde 10. Isitoshe, Etheneti ya megabiti 100 yenye waya wa kushirikiana haiwezi kufikia mita 2000 hata kidogo. Ili mgongano ugundulike, ishara inapaswa kwenda na kurudi ndani ya muda wa biti 512, yaani maikrosekunde 5.12, na hapa kwenda peke yake kunachukua 6.56. Mtandao huu unafanya kazi katika ns-3 kwa sababu modeli yake ya CSMA huziwezesha nodi zote kujua papo hapo kwamba chaneli imeshikwa, haraka kuliko mwanga, na kwa hiyo migongano ya Etheneti haitokei kamwe. Nyaraka za modeli zinalikiri hilo bila kuficha. Ucheleweshaji nao ni mmoja kwa wasikilizaji wote, awe jirani au awe mwisho wa waya.

Kwa upande wa seva, tazama tena mistari minne: imepokea 2.0078 na imejibu 2.0078. Kichakataji katika ns-3 hakitumii muda. Mwangwi wa kweli hupitia kiini cha mfumo endeshi, huamsha mchakato, hunakiliwa na kurudishwa, na chini ya mzigo sehemu hiyo inaweza kuzidi muda wa kiungo. Anayetaka seva yenye uzito lazima aandike programu yake mwenyewe inayopanga tukio la kujibu baadaye kidogo, kwa mgawanyo wa muda alioupima kwenye mashine anayoikusudia.

Linabaki jaribio moja ambalo kisa hiki kinalialika na ambalo husumbua watu wasiojua lilikotoka. Ongeza ukubwa wa pakiti kutoka baiti 1024 hadi 6000, ukiiacha mbegu na RequestJitter kama vilivyokuwa. Kwa kuwa kikomo cha pakiti ya IP ndani ya fremu moja ni baiti 1500, IP itaikata pakiti vipande vitano. Kwenda hakuna shida: kiungo cha megabiti 5 huachia kipande kimoja kila milisekunde 2.4, na ruta inamaliza kuulizana na seva wakati vipande viwili tu vimekwisha kufika. Kurudi ni habari nyingine. Seva inavitoa vipande vyote vitano kwa mkupuo, inakuta haijui anwani ya ruta, na modeli ya ARP huhifadhi pakiti tatu tu zinazosubiri jibu kwa kila anwani. Viwili vinatupwa. Vitatu vilivyobaki vinavuka hadi kwa mteja, ambaye hawezi kuunganisha pakiti yenye pengo, na baada ya muda anavitupa pia. Kumbukumbu itaonyesha seva imejibu, mteja hatapokea kitu, na hakuna kiungo hata kimoja kilichopoteza biti. Kikomo hicho kinaitwa PendingQueueSize, na kukipandisha hadi 5 kabla ya kuunda nodi kunatosha kuurudisha mwangwi.